Mji Uliozibwa Nyufa

Mtaa mzima ulimwita Timazi, kama ule uzi wenye uzito waashi wanaopimia wima wa ukuta, na wala hawakumwonea. Miaka arobaini ya uashi ilimwachia ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimekaa upande akapita kimya. Picha kwenye ukuta wa watu ataisogeza. Kitanda cha mgonjwa aliyekwenda kumwona atakiwekea kipande cha boksi chini ya mguu mmoja, mgonjwa akiwa juu yake. Sasa mtu wa namna hiyo ukimwacha peke yake na mji wa magofu, unategemea nini?

Lakini tusimlaumu bure. Mwaka ulikuwa umepita tangu goti lake likatae kupanda jukwaa la ujenzi, na mwaka wote huo hakuna aliyemwita kazini. Simu ikilia ni ya kumuuliza hali. Hali, hali, hali. Alichoka kuwa na hali. Ndipo bintiye, mfamasia, akamwambia, "Baba, Jumamosi utanisaidia kumalizia ile kazi yangu ya mezani?" Mzee wa watu akachonga penseli tatu siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe ilikuwa mji wa mchezo wa vita. Askari wa plastiki, wafupi kuliko kidole gumba, hupangwa mezani, dadu zikarushwa, wachezaji wakagombea nyumba zilizobomolewa na mizinga. Nyumba hizo binti alizijenga kwa ubao wa povu, ule mwepesi wenye karatasi pande mbili na povu gumu katikati. Miezi mitatu alikata, akagandisha, akachora matofali kwa kalamu iliyokwisha wino. Saa tisa ya Jumamosi hiyo wenzake watatu wangekuja kuchezea kwake kwa mara ya kwanza, pamoja na mkutubi, bwana mwenye maneno, aliyekwisha kutangaza kwamba meza yake haina mpinzani.

Saa tano binti akaitwa ghafla kwenye duka la dawa, mwenzake kaugua. "Baba, hayo magofu yamebaki rangi ya kijivu tu. Nimalizie." Huyo, akatoka mbio.

Timazi akavuta kiti. Alijua ni magofu, hakuwa mjinga. Ila ule ufa wa nyumba ya kwanza, toka dirishani mpaka chini, ulimkaa rohoni. Akasema ataziba huo mmoja. Akakoroga jasi na gundi kwenye kikombe, akaupiga lipu kwa kijiko cha chai. Ukapendeza. Ukapendeza kiasi cha kuiaibisha nyumba ya jirani, na ya jirani ikaiaibisha ya kona. Akafunga kifungo cha shati kwenye uzi, akawa anapimia kuta. Kufika saa nane, nyumba kumi na mbili zilikuwa zimesimama wima, na mapaa ya boksi juu.

Binti akarudi, akasimama mlangoni.

"Baba, magofu yako wapi?"

Timazi akaitazama meza kama aliyeletewa sasa hivi. "Nimeyamalizia," akasema, na sauti ikamwishia njiani.

Binti akakaa. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma mzee. "Sasa askari wangu watapigania nini humu? Watatafuta vyumba vya kupanga?" Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Basi, Baba. Acha tu, kapumzike."

Neno hilo Timazi alilijua. Ndilo aliloambiwa na msimamizi wa ujenzi siku ile goti lilipogoma.

"Sipumziki," akasema. "Nipe kisu."

"Wewe unajua kubomoa?"

"Nyumba zikianguka, mimi ndiye niliyekuwa naitwa kusema kwa nini zimeanguka. Kaa hapa. Zako zilikuwa zimekatwa, mwanangu. Hazikuanguka."

Pigo la kwanza alifumba macho. La pili akafumbua. Ufa huanzia kona ya dirisha, akamwonyesha, ukashuka mshazari. Kona ya nyumba hufa mwisho. Linta, ile boriti ya juu ya mlango, ibaki inaning'inia upande mmoja. Jasi, iliyokuwa bado mbichi kwa ndani, ikawa inameguka kama lipu ya kweli, vifusi vikajimwaga vyenyewe chini ya kuta. Binti akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, na dakika kumi baadaye baba na mwana walikuwa weupe mpaka kope, wakigombania nani avunje kanisa la mji huo.

Walipaka rangi ya mwisho wageni wakibisha hodi.

Mkutubi akainama mpaka kidevu kikagusa meza. Kisha akauliza, "Nani kaubomoa mji huu?"

"Baba yangu," akasema binti.

Miaka arobaini Timazi alijenga, hakuna aliyewahi kuuliza nani kajenga. Akajifanya anakohoa vumbi.

"Mzee, Jumamosi ijayo una nafasi?" mkutubi akamuuliza. "Kuta zangu naona zimenyooka mno."

"Hana," binti akadakia. "Jumamosi ijayo ana daraja la kuvunja na mimi. Wewe jipange foleni."

Timazi akatoa penseli sikioni, akaandika kwenye ukingo wa boksi: daraja, halafu mkutubi. Hajamaliza, simu ikalia. Dada yake, anamuuliza hali.

"Nitakupigia baadaye," akasema Timazi. "Niko kazini."