Chupa ya Zebaki na Kipande cha Karatasi

Kwa jina la Yule aliyeyatia maziwa kifuani mwa mama kabla mtoto hajajua kuomba, naianza habari hii. Na rehema zimfikie Mtume wake, aliyelelewa kwa maziwa ya mwanamke wa jangwani. Namwomba Mola anipe kauli nyoofu, nisimwongezee mtu kosa wala nisimpunguzie haki.

Watu wa habari hii ni wanne, na mtoto. Wa kwanza ni mfagizi wa zahanati, mama wa binti wa miezi mitano. Wa pili ni mkwewe, mama wa mumewe, aliyekuwa akimlea mjukuu mchana na kumleta zahanati mara mbili ili anyonye. Wa tatu ni daktari wa meno, msichana katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Wa nne ni msimamizi, ambaye watumishi walimwita Bwana Orodha, ila si mbele ya uso wake.

Asubuhi hiyo mfagizi alikuwa amekwisha kupiga deki chumba cha meno kabla jua halijafika dirishani. Alifuta kiti, akafuta taa, kisha akaishika kwa mikono miwili chupa nene iliyokaa chini ya sinki. Ndani mlikuwa na maji, na chini ya maji mlilala vipande vya kijivu: vijazo vya zebaki vilivyochimbuliwa katika meno ya watu. Kwenye lebo paliandikwa HATARI kwa wino mwekundu. Alikuwa amefundishwa sheria za chupa ile hata akazijua kama anavyoijua njia ya kwake: usiifungue, usiitikise, na kipande kikianguka sakafuni usikiguse kwa ufagio, kiokote kwa kadi mbili.

Akaiweka chini, akasogelea kioo, akapanua kinywa. Kulia, nyuma kabisa, magego mawili yalikuwa yamejazwa tangu alipokuwa mwanafunzi wa miaka kumi na miwili. Rangi ilikuwa ile ile, rangi ya sufuria kuukuu.

Swali lililokuwa likimkera tangu juzi likarudi. Kitu hiki kikitoka kinywani hufungiwa ndani ya chupa na kuandikiwa hatari. Je, kikiwa kinywani huwa nini? Na maziwa anayomnyonyesha mwanawe yanapita wapi?

Juzi ndipo tangazo lilipobandikwa mlangoni. Kwa siku tatu vijazo vya zebaki vingetolewa bure na kuwekwa vyeupe. Watumishi tisa wenye vijazo hivyo wangetangulia, wawe mfano. Wanane walikuwa wamekwisha kupita. Alikuwa amebaki yeye.

Saa mbili mkwewe alifika, mtoto mgongoni, jasho usoni.

"Wamekutoa hiyo zebaki?"

"Bado, mama. Naingia saa tatu."

"Na usirudi nyuma. Mwanangu kaoa mke, hakuoa kiwanda cha zebaki." Alimshusha mtoto, akamkabidhi. "Mtoto ananyonya, wewe unatafuna chuma! Cha bure hicho, mwanangu. Bure haiji mara mbili."

Mfagizi alicheka, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akampa mtoto titi. Yule binti alinyonya kwa pupa, mkono wake mdogo umeshika kola ya sare.

"Mama, mimi nataka kwanza kujua."

"Kujua nini tena? Kila siku wewe ni kuuliza tu. Hata siku ya posa uliuliza nyumba ina madirisha mangapi."

"Na hayakuwa mawili kama mlivyosema."

Mkwewe akacheka naye.

Daktari aliingia akivaa glavu. Mfagizi hakungoja asalimiwe.

"Daktari, samahani. Haya ya kwangu yakikaa tu, yanamdhuru mtoto?"

Daktari alichukua kioo kidogo, akachungulia. "Mazima haya, hayana ufa. Dada, kijazo kizima hutoa mvuke kidogo sana. Kukichimba ndiko kunakoutoa kwa wingi, kwa mara moja, nawe unauvuta. Ndiyo maana tunafundishwa kwamba mama anayenyonyesha, kama kijazo hakimsumbui, asubiri mpaka amwachishe mtoto."

"Na kama ni lazima?"

"Kinywa kinazibwa kwa karatasi ya mpira, jino lichomoze peke yake. Na bomba la kufyonza linakaa hapa, linavuta kila kitu."

"Mpira tunao?"

Daktari alitazama kabati, akajibu taratibu: "Tuliagiza."

"Na bomba?"

Mfagizi alimpa mkwewe mtoto, akachana ukingo wa gazeti lililokuwa mfukoni mwa sare yake, kipande chembamba kama utepe. Kikombe cha bomba lile, kinachokusanya yanayofyonzwa, yeye ndiye aliyekuwa akikimwaga kila jioni, na kwa wiki nzima alikikuta kikavu. Akabonyeza swichi. Mashine ikanguruma kwa fahari. Akaiweka karatasi kwenye mdomo wa bomba.

Karatasi haikutikisika.

Akaisogeza, akaigeuza, akaishika kwa vidole viwili tu. Ilining'inia vile vile. Mkwewe akamnyang'anya, akaisogeza puani mwa mtoto aliyekuwa amelala. Karatasi ikapepea, ikaenda, ikarudi.

"Heh! Mjukuu wangu anavuta kuliko mashine ya serikali!"

"Daktari," mfagizi aliuliza kwa sauti ya chini, "na wale wanane?"

"Nilisema," daktari alijibu, macho yamemjaa maji. "Niliandika barua mbili. Niliambiwa kampeni haisubiri pampu."

Hapo Bwana Orodha akaingia, daftari kwapani, kalamu sikioni.

"Mama, panda kiti. Wakaguzi wanakuja saa nne, nataka tisa kwa tisa."

Mfagizi akapanda. Taa ikawashwa. Daktari akasimama kando, mikono yake haijui pa kukaa.

"Fungua mdomo," akasema Bwana Orodha, kana kwamba yeye ndiye atakayechimba.

"Mkuu, bomba halivuti. Nimelipima kwa karatasi."

"Kwa karatasi!" Alicheka. "Wewe sasa ni fundi mitambo? Bomba limeandikwa zima kwenye ripoti. Usinizingue asubuhi asubuhi."

"Basi ripoti ndiyo ikae kwenye kiti hiki."

"Fungua mdomo, mama."

Mfagizi akaufumba. Aliufumba vizuri, mdomo wa juu juu ya wa chini, akaweka mikono mapajani kama mtu aliyefika safari yake. Taa ilimpiga usoni, naye hakufumba macho.

Bwana Orodha alisubiri. Alipochoka alifungua daftari, akaandika. "Sawa. Namba tisa, imetolewa. Shuka."

"Haikutolewa!"

"Kwenye daftari kuna safu mbili tu, 'imetolewa' na 'hajafika'. Wewe umefika."

"Na nikimwachisha mtoto, nikaja kutolewa kwa haki yangu?"

"Utaambiwa umekwisha kuhudumiwa." Akaiinua chupa, akaandika namba tisa kwenye lebo, chini ya zile nane za waliotangulia. "Weka saini ya mfagizi, ifungwe."

Chupa ile haisafirishwi bila saini ya aliyeitunza. Mfagizi aliichukua kalamu. Alisoma namba moja hadi nane, akizijua sura za wenye nazo: mpishi, mlinzi, mkunga na wengineo. Akaikata namba tisa kwa mstari mmoja ulionyooka, akaweka saini yake pembeni ya mstari.

"Daftari ni lako, mkuu. Chupa ni yangu."

Bwana Orodha alimwangalia daktari ili apate mwenzake. Daktari alikuwa akivua glavu. Bwana Orodha akaondoka na daftari lake, ambalo mpaka leo linasema kuwa kinywa cha mfagizi hakina zebaki.

Nje, kwenye benchi, raia walikuwa wameanza kupanga foleni. Mbele kabisa alikaa mwanamke aliyefunika kichanga kwa kanga.

"Dada, inauma?" akauliza.

Mfagizi aliketi kando yake, akachana utepe mwingine wa gazeti, akamtia mkononi. "Kabla hujafungua mdomo, omba uiweke hii kwenye bomba. Ikivutwa, mengine ongea na daktari. Isipovutwa, rudi nyumbani na mwanao."

Mwanamke wa pili akanyoosha mkono, na wa tatu. Mkwe, mtoto begani, akachukua gazeti lililobaki na kuanza kuchana.

Ewe Mlinzi wa vilivyomo vifuani, walinde waliobaki kwenye benchi lile. Wanane waliotangulia bila kujua, waepushe na madhara. Wape akina mama hawa maswali yasiyowaletea adhabu, na uyabariki maziwa yao mpaka siku ya kuachisha. Amina.