Kengele za Baba Evaline

Yusta alikuwa ameanza kumiliki simu tangu enzi za vitochi, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kutamani kuitumbukiza chooni mpaka mume wake alipoamua kuyapanga maisha yao.

Elisante, mume mwenyewe, alikuwa afisa takwimu wa halmashauri pale Kibondo, Mmeru aliyehamishiwa Kigoma akiwa kijana akazoea baridi ya huko hadi akaona haina tofauti na ya kwao. Hakuwa mtu mbaya. Hanywi, hagombani na majirani, mshahara wake unafika nyumbani. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: akipenda jambo, lazima nyumba nzima ilipende. Mwanzoni ilikuwa nyuki. Wakafuga nyuki, wakaumwa na nyuki. Kisha yakaja mazoezi ya alfajiri. Safari hii alikuwa amejiunga na mafunzo ya mtandaoni ya kuishi kwa mpangilio, na Jumamosi moja aliketi sebuleni na simu mbili, yake na ya mkewe, akazichezea toka chai ya asubuhi hadi maharage ya mchana.

"Mama Evaline, kuanzia leo hatusahau kitu," alisema akimrudishia simu. "Kalenda ni moja. Nikiandika mimi, unaona wewe. Ukiandika wewe, naona mimi. Bluu ni mimi, nyekundu ni wewe, kijani ni mambo ya nyumba."

"Na Evaline je?"

"Evaline ni njano."

Evaline, binti yao wa pekee, alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni huko Kasulu, na hakuwa na habari kwamba amefanywa njano.

Yusta hakupinga. Kusema kweli nyumba yao ilihitaji dawa. Yeye alikuwa muuguzi mkunga kwenye kituo cha afya, zamu zake zikigeuka kila juma; Elisante alikuwa mtu wa barabarani, mara Mabamba mpakani, mara vijiji vya upande wa Kasulu. Gesi iliwaishia ugali ukiwa bado uji. Mwaka uliopita walisahau ubatizo wa mtoto wa jirani yao, Manirambona, wakati Yusta ndiye aliyekuwa mama wa ubatizo. Padri alisubiri, watu wakasubiri, mwishowe akasimamishwa shangazi. Manirambona hakumlaumu. Alisema tu, "Oya, hapana, ni kazi, dada," na hilo lilimchoma Yusta kuliko tusi.

Kwa hiyo aliipokea kalenda kwa moyo mmoja. Lakini Elisante hakuishia kwenye kalenda. Aliweka kengele ya kuamka na kengele ya kujiandaa kuamka. Akaweka kengele ya kunywa maji, ya kusoma kurasa chache za kitabu, ya kunyoosha mgongo, ya kushukuru. Akafungua kundi la WhatsApp aliloliita Familia Yenye Mpango, ambalo wanachama wake walikuwa yeye na mkewe tu, na kila asubuhi akatuma humo majukumu ya siku. Walikuwa wamelala kitanda kimoja, na bado alituma.

"Si ungeniambia tu kwa mdomo?" Yusta aliuliza.

"Ya mdomo yanapotea. Ukishaona, weka alama ya tiki."

Siku moja Yusta alikuwa chumba cha kujifungulia na mama mmoja kutoka Busunzu aliyefikia hatua ya kusukuma. Simu ikapiga kelele kwenye mfuko wa koti lake, na sauti ya mwanamke wa mashine ikatangaza: "Ni wakati wa kunywa maji!" Mikono ya Yusta ilikuwa kazini, hakuweza kuizima. Ikatangaza tena. Ilipofika mara ya tatu, yule mama akaacha kusukuma, akainua kichwa huku jasho likimtiririka.

"Nesi," alisema kwa kuhema, "kanywe hayo maji, tumalize."

Mtoto alizaliwa salama. Yusta alipotoka nje alinyamazisha kila kitu. Hakujua kuchagua kipi kinyamaze na kipi kiseme, kwa hiyo alivinyamazisha vyote. Na kila jioni, kwa kuwa Elisante alikuwa akiulizia, alifungua simu na kubonyeza "Kubali, Kubali, Kubali," kama anayefukuza nzi mezani, ili alama za taarifa mpya ziondoke naye apumzike. Hakusoma hata moja.

Hivyo ndivyo walivyofika Ijumaa ya kufunga shule.

Siku chache kabla, wakiwa wanakula, Elisante alikuwa amesema kwamba Ijumaa ana kikao Kasulu na atarudi na mtoto. Yusta alisikia kwa masikio yake, na moyo wake ukatulia hapo. Alichokuwa hajui ni kwamba kikao kilihamishiwa Mabamba. Elisante aliposikia hivyo alifanya alichoona ni sahihi: aliingia kwenye kalenda, akaiondoa bluu kwenye safari ya Kasulu, akaweka nyekundu. Jioni Yusta akabonyeza Kubali. Elisante akaona mkewe amekubali, akafurahi jinsi mambo yanavyokwenda bila maneno mengi.

Ijumaa hiyo, saa kumi jioni, Yusta akipanga dawa kabatini, simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa Bi. Philomena, matroni wa bweni.

"Mama Evaline, habari za kazi?"

"Nzuri, Bi. Philomena. Wameshafika njiani?"

"Kina nani?"

"Evaline na baba yake."

"Mama, mtoto wako yuko hapa getini amekalia tranka lake. Wenzake wote wameondoka. Na sisi hatumwachii mtoto bila mzazi kusaini, unajua."

Yusta alikata simu. Alimpigia Elisante. Simu haikuita hata mara moja. Badala yake uliingia ujumbe: *Nipo kwenye muda wa umakini. Nitakutafuta baada ya saa kumi na mbili. Uwe na siku yenye mpango.*

Alipiga tena. *Nipo kwenye muda wa umakini.*

"Umakini!" Yusta alipiga ukelele peke yake mbele ya kabati. "Mtoto yuko getini, mtu yuko kwenye umakini!"

Omary, mtaalamu wa maabara, alichungulia mlangoni akidhani kuna chupa imevunjika. Yusta alimweleza. Omary alikuwa na gari dogo kuukuu ambalo mwenyewe alilisifia kuliko lilivyostahili. "Vua koti, dada Yusta," alisema. "Lami siku hizi imenyooka. Tunamfuata."

Walikimbiza gari jioni ile, wakipita maharage yaliyoanikwa kwenye maturubai kando ya barabara na moshi wa mashamba yaliyochomwa. Yusta alimtumia mumewe ujumbe mmoja, wenye maneno ambayo muuguzi hapaswi kuyaandika, akiongeza kuwa anakwenda Kasulu. Kisha simu ikazima. Chaji ilikuwa imeliwa na zile kengele ambazo ziliendelea kufanya kazi kimyakimya.

Walipofika shuleni jua lilikuwa limegusa vilima. Evaline alikuwa amekaa juu ya tranka, godoro limeegeshwa ukutani, sweta limevutwa hadi viganjani. Hakusimama.

"Shikamoo, mama," alisema bila kumtazama. "Shikamoo, anko."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Baba yako—"

"Kila mzazi alikuja. Hata babu yake mwenzangu Irakoze kaja kutoka Mabamba na baiskeli na redio kuukuu imefungwa kamba shingoni. Nyie mna simu kubwa kubwa, mmenisahau."

"Hatukukusahau, Eva."

"Sasa mlifanya nini?"

Angewezaje kumweleza mtoto kwamba jina lake lilikuwepo, limeandikwa vizuri, kwa rangi, na kwamba mama yake alilibonyeza ili liondoke? Alisaini daftari la matroni, akabeba ncha moja ya godoro. Njia nzima Evaline alilala, au alijifanya amelala. Yusta alitazama giza likiingia na hasira yake ikawa inahama: mara iko kwa Elisante, mara kwa simu, na mara, jambo ambalo hakulipenda, iko kwake mwenyewe.

Mahali fulani karibu na Makere walipishana na pikipiki iliyokuwa ikienda mbio upande wa Kasulu, abiria wake amejikunyata kwa baridi. Hakuna aliyeitilia maanani. Alikuwa Elisante. Umakini wake ulipokwisha alikuwa amekuta simu zisizopokelewa na ule ujumbe, akasoma nusu ya kwanza, ya matusi na ya mtoto aliyeachwa getini, akapata kiwewe na kudandia pikipiki kabla ya kuifikia nusu ya pili. Alipofika, mlinzi alimwambia mtoto amechukuliwa na mama yake na mwanaume mmoja. Ilibidi alale Kasulu.

Aliingia nyumbani Jumamosi asubuhi, vumbi hadi kwenye nyusi. Yusta na Evaline walikuwa wakinywa chai. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Niliandika," alisema kwa unyonge. "Mama Evaline, kwenye kalenda niliandika. Na wewe ulikubali."

"Nilikubali kunywa maji, nilikubali kunyoosha mgongo, nilikubali kushukuru!" Yusta aliweka kikombe chini chai ikaruka. "Umenifanya nikubali mpaka nimekuwa sisomi ninachokubali. Na hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini wewe, Baba Evaline, tulikula pamoja Alhamisi. Tulilala pamoja. Ulishindwa nini kufungua mdomo ukasema, 'Mke wangu, mimi siendi tena, nenda wewe'?"

Elisante aliketi. "Nilitaka tusigombane tena kwa sababu ya kusahau."

Ilikuwa kweli, na Yusta alijua ni kweli. Hilo ndilo lililomkera zaidi, maana mtu aliyekosea kwa nia njema hata kumgombeza vizuri huwezi.

"Kwa hiyo mnafuta zote?" Evaline aliuliza.

"Hapana," Yusta alisema, na Elisante akainua uso kwa mshangao. "Bila kalenda tulimwacha padri kanisani. Tunabakiza zamu zangu, safari zake na tarehe zako. Vingine vyote vinatoka. Na kila Jumapili tukitoka kanisani tunaketi hapa, tunasoma ya wiki kwa sauti. Kikibadilika kitu katikati, mtu anasema kwa mdomo, anajibiwa kwa mdomo, ndipo anaandika."

"Na muda wa umakini?" Elisante aliuliza taratibu.

"Kaa nao. Ila simu yangu na ya shule zipite."

Walizifuta kengele moja moja, na kazi hiyo ilikuwa ndefu kuliko ya kuziweka, kwa sababu Elisante aliitetea kila moja. Ile ya kunyoosha mgongo karibu iwagombanishe upya. Kundi la WhatsApp alikataa kulifunga, basi Evaline akaingizwa humo kwa muda wa likizo, naye akabadilisha jina likawa Getini. Hakuna aliyethubutu kulirudisha la zamani.

Jumapili za mwanzo zilikuwa za mabishano. Walisomeana, wakakatizana, chai ikapoa. Mara mbili Yusta aliinuka na kwenda kufua akimwacha mumewe anahutubia sahani. Lakini gesi haikuwaishia tena katikati ya ugali, na mtoto wa Manirambona alipotimiza mwaka, Yusta alifika wa kwanza na kitenge mkononi, akapokelewa kwa vigelegele.

Mwezi wa nane kulikuwa na siku ya wazazi Kasulu. Yusta alikuwa ametoka zamu ya usiku. Elisante, aliyekuwa ameshavaa, alimwinamia kitandani.

"Ninakwenda mimi," alisema kwa sauti. "Umesikia?"

"Nimesikia. Nenda wewe. Mpelekee na mafuta ya kupaka."

Akageukia ukutani, akalala hadi saa nane mchana.