Nyumba Iliyozibwa Pumzi

Watu wengine wakistaafu hununua kiti cha kuegemea, wakakaa kibarazani kusengenya wapita njia. Fundi Barafu alinunua mlima. Si mlima mzima, tuseme kweli, ila kwa jinsi alivyousimulia siku ya kuagwa kazini, ungedhani hata mawingu yake yameandikwa kwenye hati. Ilikuwa nyumba kuukuu ya mawe, katika nchi ya watu, juu huko kwenye misitu na ukungu. Shamba lake lilikuwa limegeuka pori, na paa lake lilikuwa limechoka kuitwa paa.

"Nimeinunua kwa ajili yako, Mama Pacha," alimwambia mkewe. "Daktari alisema upate hewa safi."

Ni kweli daktari alisema. Mama Pacha alikuwa na pumu tangu ujana wake, na moshi wa mjini ulikuwa unammaliza taratibu. Lakini daktari alitaja hewa. Hakutaja kuhama nchi, wala kwenda kuishi mahali ambapo hata mbuzi hupanda baada ya kushauriana. Ila mwanamume akishapata sababu yenye jina la mkewe, nani atamshika?

Mama Pacha akafunga mizigo. Kabla ya kuondoka aliweka sharti moja, mbele ya mapacha wake wote wawili, ambao sasa ni akina mama wenye watoto wao.

"Kifua kikipoa, nitakaa. Kifua kikikataa, narudi kwa wanangu, nawe utabaki huko na mlima wako, mtunzane."

"Nimekubali," alisema Fundi Barafu, akicheka kama mtu asiyeombwa kitu.

Nao wakafika. Usiku wa kwanza Mama Pacha alilala kwenye godoro lililowekwa juu ya mbao tupu, upepo ukipita juu ya kichwa chake kama mgeni asiyebisha hodi, na akalala kama mtoto aliyeshiba. Wiki ile yote hakugusa dawa yake ya kupuliza. Hakusema kitu. Mambo mazuri ukiyasema mapema huona haya yakakimbia.

Shida ikaja na ukarabati.

Maisha yake yote Fundi Barafu alikuwa akitengeneza vyumba vya baridi, vile vya kuhifadhia nyama na samaki. Kazi hiyo ina dini moja tu: ya nje isiingie, ya ndani isitoke. Alikuwa na mtindo wake. Analamba mgongo wa mkono, anaupitisha polepole ukingoni mwa mlango, na pale mkono unapopoa, hapo pana tundu, na tundu ni dhambi. Aliipitia nyumba ile chumba kwa chumba akilamba mkono, na mkono ukapoa kila mahali. Chini ya paa kulikuwa na safu ya matundu ukubwa wa ngumi, kuzunguka nyumba nzima. Juu ya kila dirisha, mwanya. Mbao za sakafu nazo zilikuwa zimeachana kama ndugu waliogombea urithi.

"Hawa wazee walikuwa wanajenga nyumba au chekeche?" aliuliza.

Akaziba. Saruji kwenye matundu, mpira kwenye milango, gundi kwenye mianya, plastiki chini ya sakafu. Alifanya kazi kwa upendo mkubwa, akipiga mluzi, na jioni alimwita mkewe aje avutiwe. Mlango wa mbele ulipokuwa tayari, ulifungwa kwa sauti ya *fuuu*, sauti ya mlango wa jokofu hasa. Aliufungua na kuufunga mbele ya jirani yao, mama anayewaletea maziwa.

"Umesikia hiyo?" aliuliza Fundi Barafu.

"Nimesikia, mzee wangu," alisema mama wa maziwa. "Siku nikiwakuta mmeganda humo ndani, maziwa nimwachie nani?"

Mvua zikaanza, na humo ndani hakukuganda mtu. Kulilowa. Kuta zilitoka jasho kama zinabeba mizigo. Viatu vya Mama Pacha vya kwendea harusini viliota ndevu za kijani. Kwenye picha yao ya ndoa, bi harusi alipata masharubu kabla ya bwana. Kuvu ilipanda kwenye mito, kwenye mapazia, kwenye mkoba, na kila mahali Fundi Barafu alikuwa na maelezo. Rangi haijakauka. Viatu ni vya ngozi ya kubahatisha. Mapazia wewe uliyakunja yakiwa mabichi.

"Na kifua changu nacho nilikikunja kibichi?" aliuliza Mama Pacha, maana sasa kilikuwa kinapiga filimbi usiku na mchana.

"Unazoea mazingira. Mwili una ukaidi wake."

Pacha mkubwa alipopiga simu, baba mtu aliwahi kuipokea. "Mama yenu? Anaendelea vizuri kabisa. Hewa ya huku, mwanangu, acha tu."

"Baba, huyo ni mama anakohoa, au mnasaga nafaka?"

Kesho yake Mama Pacha aliburuta godoro lake mpaka jiko la nje. Lilikuwa limebaki mwisho kwenye mipango ya mumewe, kwa hiyo lilikuwa bado salama: kuta zina nyufa, mlango una pengo, chini ya paa matundu yote yako wazi. Akalifuta godoro, akalianika juani, akalitandika humo. Usiku wa tatu filimbi ilinyamaza.

"Umenisusa?" aliuliza Fundi Barafu, amesimama nje na mwavuli.

"Wewe sijakususa. Nimesusa jokofu."

Aliwaza juu ya jambo hilo, na kwa hekima yake yote akapata jibu. Asubuhi alitokea na ndoo ya saruji na ngazi begani. "Kama umelipenda jiko, sawa. Nitaliziba na hili, ulale kwa raha."

Mama Pacha alikaa kizingitini, akaeneza kanga yake magotini.

"Ukiziba tundu moja hapa, jioni nipo njiani kwa wanangu. Wala sina hasira, mume wangu. Tulikubaliana."

"Lakini panavuja hewa."

"Ndiyo hiyo ninayovuta."

Fundi Barafu alishusha ngazi begani. Mkewe akainuka, akamshika mkono, akamwongoza mpaka kwenye chumba chao kizuri, akafunga mlango, *fuuu*, akaketi kitandani na kumpa mgongo. "Weka mkono hapa. Usiongee, maana najua utataka kuongea."

Akaweka. Mwanzo hakukuwa na kitu, pumzi zinakwenda na kurudi. Halafu, chini ya kiganja, kitu kikaanza kukwaruza. Kikawa filimbi. Mbavu za mkewe zikaanza kupanda kwa shida, kama mtu anayevuta kamba iliyonasa. Fundi Barafu aliijua sauti ile. Ameisikia mara nyingi kwenye mashine zake, bomba likiziba na mota inajiua kwa kuvuta.

"Mashine ikilia hivi," aliuliza Mama Pacha kwa taabu, "mlikuwa mnaipa pole? Mnaiambia itazoea?"

Alimtoa nje haraka, amemkumbatia mabega, akakaa naye kwenye mvua nyepesi mpaka pumzi ikarudi. Kisha akaenda kutafuta patasi.

Sasa usidhani alikiri kosa. Mama wa maziwa alipomkuta juu ya ngazi akibomoa saruji aliyoipaka mwenyewe, aliambiwa kwamba huu ni mfumo mpya wa kupitisha hewa, ameubuni kwa utafiti. Mama wa maziwa alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha aliyatazama maziwa.

Simu ikalia. Alikuwa pacha mkubwa tena, na safari hii Mama Pacha aliipokea mwenyewe.

"Mama, sema kweli. Tuje tukuchukue?"

Juu ya ngazi nyundo ilisimama. Fundi Barafu alikuwa amewapa mgongo, anakagua tundu moja kwa makini mno, kama vile hajapata kuona tundu.

Mama Pacha alivuta pumzi, taratibu, mpaka chini kabisa, akaisikiliza.

"Njooni mtembee," alisema. "Ila mje na masweta. Nyumba ina upepo."

Nyundo ikaanza tena, polepole kwanza.