Uzi Uliotoka Soweto

Jumatatu asubuhi, katika maabara ya sekondari moja ya Soweto, Mbeya, Mwalimu Eveline alisukutua kinywa kwa maji ya chumvi, akayatema kwenye glasi, akatia sabuni ya kuoshea vyombo na kukoroga taratibu ili povu lisijae. Kisha akaiinamisha glasi na kumimina spiriti baridi ubavuni mwake, polepole, mpaka ikaelea juu. Wanafunzi wa kidato cha nne walisogea. Pale spiriti ilipokutana na mate, uzi mweupe ulijitokeza, laini kama ute wa bamia.

"Hivi ndivyo vinasaba," alisema. "Hivi ni vyangu. Na nyie mnavyo."

Aliuzungusha kwenye kijiti, akauvuta. Kwa kawaida uzi wa namna hiyo hukatika. Huu haukukatika. Ulikuja mrefu kama mkono, ukaja mrefu kama meza, ukanenepa mpaka ngazi iliyomo ndani yake ikaonekana kwa macho: kamba mbili za sukari na fosfeti zilizojisokota, na katikati vipago vilivyoshikana jozi kwa jozi. Eveline hakutaka kuipoteza nafasi hiyo. Aliwaonyesha kwamba adenini haishiki nyingine ila thaimini, na guanini haishiki nyingine ila saitosini, kwa hiyo mwenye kuujua upande mmoja huweza kuuandika wa pili bila kuuona. Wanafunzi walinakili. Kengele ilipolia, ngazi ilikuwa imeshatoka dirishani.

Mwalimu Anyitike wa kemia alikuja kuitazama.

"Inakwenda wapi, dada Eveline?"

"Inaelekea Uyole."

"Basi ni Iringa hiyo. Una watu huko?"

"Mama yangu yuko Kalenga."

Anyitike aliipima ngazi kwa kiganja. "Hii si ya kwenda kwa mtu mmoja," alisema, akarudi darasani kwake.

Neno hilo lilimkaa Eveline rohoni, maana lilikuta mashaka mengine ya siku nyingi. Alikuwa ameambiwa kwamba baba yake, Tadeo, alifukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu kule Chunya kabla yeye hajazaliwa. Lakini kuna siku mama alisema ni malaria. Kaburi lilikuwa Chunya mjini, baadaye likawa porini, baadaye halikujulikana liliko. Nywele za Eveline ziliteremka mabegani bila dawa. Mama alisema amezirithi kwa bibi yake Msangu. Picha ya bibi huyo ilikuwa ukutani sebuleni, na nywele zake zilikuwa fupi na ngumu kama za mtu mwingine yeyote. Na kila walipokwenda Iringa mjini, mama alilizunguka soko zima ili asipite kwenye mtaa mmoja wa maduka ya vitambaa. Eveline hakuwahi kuuliza. Aliyaweka tu moyoni.

Jumamosi alipanda basi. Uzi ulikwenda naye ubavuni mwa barabara, kwenye mashamba ya mpunga, kwenye misitu ya mbao. Kwenye mizani ya Makambako watu waliunyanyua kwa fimbo ili malori yapite, kisha wakaushusha. Ulipanda mlima wa Ipogolo bila kulegea.

Karibu na soko la Iringa ngazi ilifunguka katikati kama zipu. Kamba moja ilishika njia ya Kalenga. Nyingine iliingia kwenye mtaa ule ambao mama hakuupita. Eveline alichukia. Kamba zote mbili za ngazi hutengenezwa mwilini mwa mtu mwenyewe. Mama na baba hawagawani upande huu na upande ule. Mwanafunzi angeandika hivyo kwenye mtihani, angemkosesha.

Aliifuata kwanza ile ya Kalenga. Alitaka kuuliza akiwa bado hajui.

Mama yake, Rozalia, alikuwa uani akichambua maharage. Uzi ulikuwa umepenya chini ya khanga yake na kumzunguka kifundo cha mkono.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Kitu chako hiki kimefika tangu Jumatano. Kinanisumbua nikifua."

"Na uzi wa pili umeingia duka la nani?"

Rozalia alipuliza makapi. "Maduka yako mengi."

"Mama."

Rozalia aliutua ungo. "Nilikuwa yaya pale kwa Dhaval. Mkewe alikuwa ameenda kujifungulia kwao, Dar. Dhaval hakuniuliza nataka au sitaki. Tumbo lilipoonekana, nikaambiwa nifungashe."

"Na Tadeo?"

"Tadeo alikuwa mpagazi wao. Alikuwa anahamia Chunya. Akasema nichukue jina lake nikupe, maana yeye hakuwa na mtoto wa kumpa."

"Alikufa kweli?"

"Sijui. Siku ile uliponiuliza baba yuko wapi, ndiyo nilimwua."

Eveline alimtazama usoni akitafuta uongo, kama alivyozoea tangu utotoni. Safari hii hakuuona, na hilo halikumpa utulivu wowote. Alimsaidia kumaliza maharage, akarudi mjini.

Dukani, uzi ulikuwa umepitishwa juu ya mlango na kutundikwa kwenye ndoano, ili wateja wasijikwae. Mwanamke wa umri wake, mwenye nyusi kama zake, alikuwa akipima kitambaa cha pazia.

"Karibu dada. Inamisha kichwa hapo, kuna uzi."

"Ni wa nini?"

"Umekuja tu. Nimejaribu kuukata kwa mkasi, ukajishika tena." Alizitazama nyusi za Eveline, kisha nywele zake, akakawia hapo. "Baba amesema tuuache. Na tusiuulize. Mimi naitwa Avni."

Mzee aliyekaa nyuma ya kaunta alivua miwani. Mwisho wa uzi uliingia ndani ya mkono wa shati lake.

"Unatafuta kitambaa gani, mwalimu?"

Eveline hakuwa amemwambia mtu yeyote pale kazi yake.

"Umejuaje kama mimi ni mwalimu?"

Dhaval aliuteremsha mkono wake chini ya kaunta. Uzi ulimfuata. "Walimu husimama hivyo," alisema.

"Mama yangu ni Rozalia, wa Kalenga."

"Wafanyakazi wamepita wengi hapa."

Avni aliacha kupima. Kisha Dhaval akavaa miwani yake.

"Avni, mhudumie mteja."

Avni alimkatia kitambaa ambacho Eveline hakukiomba, cha kijivu, akakifunga kwenye gazeti na kumsindikiza hadi barabarani. "Njoo Jumapili," alisema kwa sauti ya chini. "Baba huwa yuko hekaluni." Eveline aliupokea mzigo. Alijiuliza kama huo ni undugu au ni njia ya kistaarabu ya kumwondoa mlangoni, na basi lilipofika Mafinga alikuwa bado anajiuliza.

Jumapili hiyo hakwenda. Jumapili zilizofuata pia hakwenda.

Uzi haujakatika. Soweto majirani huanika nguo juu yake, na mvua ikinyesha hukumbushana kuzianua. Makambako wameuwekea nguzo mbili. Rozalia ameuhamishia mkono wa kushoto, ili afue vizuri. Dhaval siku hizi huvaa mikono mirefu hata jua likiwa kali, na mteja mgeni akiuliza, humwambia ni waya wa intaneti. Wateja huutazama pale juu, unang'aa, umejaa vipago vilivyofunguka nusu kama meno, huku Avni akipima kitambaa. Kisha huitikia, wakauliza kama lile pazia la rangi ya maziwa bado lipo.