Nywele za Mgiriki

...wala uso wenyewe hautishi, anawaza Doto, huku sonara Elikana akiifuta pini ya kifuani ya marehemu bibi kwa kidole gumba, uso mpana wa dhahabu, mdomo wazi kama wa mtu aliyekatizwa usemi, na kichwani ule msokotano wa vitu vyembamba ambao ukoo mzima, miaka na miaka, uliuita nywele... "Dhahabu ya zamani hii, dada, si ya kubabaisha," Elikana anasema, mwali wa gesi unavuma mkononi mwake, nje lori la Iringa linapiga breki, Mikumi hii haijui kunyamaza, "herini za mtoto zinatoka na nyingine inabaki," ndiyo, herini za mtoto, za Sikuzani mdogo, ana siku arobaini na jina la bibi, na kwao jina likishuka, kitu cha mwenye jina kinashuka nalo, hapo hapana ubishi, ila Neema, mama mtoto, mdogo wake Doto, kasema asubuhi kwenye simu, yeyusha dada, sitaki majoka kwa mwanangu, na Doto akaitikia sawa, akapanda basi kutoka Kilosa kama mtu mwenye akili zake, maana angemuuliza vipi Neema nani alimwambia ni majoka... "Niendelee?" ...ngoja, fundi, ngoja kwanza, Doto anamwona bibi enzi hizo, yuko barazani Chanzuru, kaegemeza pini kwenye kopo la mafuta ya nazi ili aione vizuri, kichwa cha Doto kimebanwa katikati ya magoti, kwa sababu madamu mmoja Mgiriki wa shamba la mkonge, alipofunga virago mashamba yalipotaifishwa, alimwachia yaya wake, ndiye bibi, pini bila maelezo, na bibi alichoona yeye ni mwanamke aliyesukwa vibaya, basi akaamua kumrekebisha, akabuni mtindo, misokoto inayopanda hadi utosini kisha inamwagika, ukaitwa Mgiriki, kila Idi ikikaribia wasichana wakipanga foleni hadi jikoni, "tulia wewe, Mgiriki hasukwi kwa machozi," harufu ya nazi, vidole vya bibi vyenye sugu vikikwaruza nyuma ya sikio, hakuna saluni iliyowahi kumkwaruza vizuri hivyo... halafu likizo ya mwaka wa pili, Doto karudi kutoka chuo kikuu na kozi moja ya visasili vya Wagiriki wa kale na majivuno ya kozi kumi, kasimama mbele ya foleni, bibi, hizo si nywele, ni nyoka, huyu anaitwa Medusa, akikutazama unageuka jiwe, na bibi akaitazama pini, akasema, "Kumbe," akaifunga kwenye leso, na Neema, miaka tisa, nusu ya kichwa kishasukwa Mgiriki, nusu ya pili ikamaliziwa mistari ya kawaida, akaenda Idi hivyo hivyo, kichwa cha watu wawili, na mama mmoja wa Mamboya akamfumua bintiye palepale barazani, na Mgiriki hakusukwa tena... "Dada, gesi hii inaungua bure," anacheka Elikana, "au marehemu anakataa?" ...marehemu hakuwahi kukataa kitu, hilo ndilo linalouma, angegomba ingekuwa nafuu, na Doto hakusema uongo, alisema nusu, ukurasa wa pili aliusoma pia, ule unaosema Medusa alikuwa msichana tu, sifa yake nywele, mungu wa bahari akamwingilia kwa nguvu ndani ya hekalu, na mungu-mke mwenye hekalu akaona wa kuadhibiwa ni msichana, akamgeuzia zile nywele kuwa nyoka, sehemu hiyo Doto aliiruka, ilikuwa ndefu, na jiwe lilipendeza zaidi mdomoni mwa msomi, kumbe bibi, asiye na kozi hata moja, alikuwa amemwona kabla hajalaaniwa, akamketisha mkekani, akamsuka... walimwonea, Neema, ndivyo nitakavyokwambia, walimwonea mtoto wa watu, na mimi nikawashikia taa... Elikana ameinua koleo, anasubiri neno, na Doto anakiinamia kile kichwa cha dhahabu, anatafuta msokoto wa kwanza unaanzia sikio lipi, apate kumsuka tena Mgiriki.