Fundi wa Kukaza

Mume wa mdogo wangu alijiita Kapteni. Huo ukapteni aliuokota wapi sijui, maana siku ya kwanza alipanda mashua yake kwa magoti huku kashikilia kofia. Mashua yenyewe ya tanga, kuukuu, mbao zimechoka kuliko mimi. Na humo ndimo alimotaka kumhamishia mdogo wangu wiki ijayo, waishi majini wao wawili. Mdogo wangu ambaye sijawahi kutengana naye, ambaye hata alipoolewa nilimwachia chumba kikubwa cha nyumbani, yeye na huyo wake. Mimi nibaki na nani? Hilo hakuna aliyeniuliza.

Lilibaki jambo moja tu, mlingoti. Ulikuwa umeinamia kulia, na Kapteni aliapa hawahami mpaka usimame wima. Basi asubuhi hiyo nikaenda nao gatini, nikaketi sitahani na chupa yangu ya chai, nimtazame akijiaibisha.

Mlingoti wa mashua ile unapenya sitaha, unashuka hadi chumbani, na kitako chake kinakaa juu ya mkuku, ule mti mkuu wa chini. Juu unashikwa na nyaya, kulia na kushoto, na kila waya una skurubu nene ya kukazia. Marehemu baba alikuwa na mashua ya namna hiyo, na akinyoosha mlingoti mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili na spana. Yeye akikaza huku, mimi nalegeza kule. Kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Kapteni neno legeza hakulijua. Kwake yeye, mwanamume anakaza. Huyu hata kamba za viatu huzifunga mpaka miguu inakufa ganzi. Alikaza waya wa kushoto, mlingoti ukainuka, ukapitiliza, ukainamia kushoto. Je, alilegeza? Thubutu! Alihamia kulia akakaza huko. Ukarudi kulia. Akahamia tena kushoto, ulimi nje, jasho linamtiririka.

"Unaonaje, shemeji?" akaniuliza.

"Naona umelowa."

"Mlingoti, shemeji. Umenyooka?"

"Si wewe ndiye Kapteni?"

Akacheka, maskini, akidhani tunataniana. Nyaya zilikuwa zimekakamaa, ukizigusa zinalia. Chini mbao zilianza kuguna. Nilijua maana yake: nyaya zinaukandamiza mlingoti, mlingoti unausukuma mkuku, na mashua nzima inajikunja. Nilijua vizuri kabisa. Nikajimiminia chai nyingine. Acha imshinde, nilijiambia, auze hilo gogo lake, mdogo wangu abaki nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa chumbani humo ndani, anatundika mapazia. Mara tukasikia anagonga.

"Jamani, mlango umekwama!"

Kapteni akavuta. Akapiga teke. Akaumia kidole.

"Sukuma, mpenzi!"

"Nasukuma!"

Akasimama akifikiri, jambo ambalo halimkai vizuri usoni, kisha akaokota spana. "Mashua haijakaa sawa," akasema. "Ngoja nikaze kidogo."

Hapo nilicheka. Nilicheka kwa sauti mpaka nikashika mbavu.

"Maji!" mdogo wangu akapiga kelele. "Yanaingia hapa, chini ya mlingoti! Yananifika miguuni!"

Kapteni akatupa spana, akajibamiza mlangoni kwa bega, huku analia. Analia kweli, machozi na kamasi. Mimi chai ikanimwagikia mapajani wala sikuisikia. Niliinuka, nikaiokota spana, nikachomoa na nyingine kwenye boksi lake la vifaa, nikamsukumia mkononi.

"Acha mlango! Nenda kulia, legeza. Nusu mzunguko tu! Basi! Subiri na mimi nilegeze huku. Sasa tena. Usimalize upande mmoja, mjinga wewe, utautupa mlingoti majini!"

Alifuata kila neno. Tukaenda hivyo, yeye kidogo, mimi kidogo, mpaka nyaya zikaacha kulia na mbao zikatulia. Mlango ukaachia wenyewe. Na juu yetu mlingoti ulikuwa umesimama wima.

Mdogo wangu akatoka, sketi imelowa mpaka magotini, pazia moja bado liko mkononi. Kapteni akamkumbatia, akajifuta pua kwa mkono wa shati, akanigeukia uso unang'aa. Hakuwa na kinyongo hata chembe, huyo bwege.

"Mke wangu, kumbe dada yako ni fundi! Umemsikia? Anajua kila kitu! Tungekuwa na fundi kama huyu tangu asubuhi, tungekuwa tumemaliza zamani!"

Mdogo wangu alinitazama. Akaitazama chupa ya chai, akanitazama tena.

"Alikuwepo tangu asubuhi," akasema.

Nikaifunika chupa. Kule ndani maji yalikuwa bado yanachuruzika. Akamwomba mumewe amletee ndoo. Ndoo ilikuwa hapa, miguuni pangu.