Jiwe Lililoharibu Picha

Mama yangu ana miaka themanini na saba, na duniani amebakiwa na haja moja tu: alione kaburi la baba kabla Ramadhani haijaingia. Kila Shabani watu wa Makorora, tunakoishi sasa, hubeba majembe na marashi wakasafishe makaburi ya wazee wao. La kwetu limo ndani ya hifadhi, kusini ya Pangani, tangu kijiji chetu kilipohamishwa ili wanyama wapate nafasi. Mama hajawasamehe waliotuhamisha. "Nitakufa na kinyongo changu," husema, "nikawashtakie huko huko kwa Mola."

Miguu yake imekwisha, basi akanituma mimi na chupa ya marashi. "Mnyunyizie, Mwatumu, kisha unipigie picha. Nataka nione kama wanamtunza."

Nikaingia kwa tiketi mahali nilipozaliwa. Nilipewa kiti kwenye gari la wageni kutoka Dar es Salaam, nyuma ya bwana mmoja aitwaye Ernesti, mwenye kamera ya lenzi ndefu kama mchi. Alipiga kila kilichopita: kuro, kongoni, twiga, hata nyani anayejikuna. Nilikuwa nimemwomba Daniel, kijana wa hifadhi aliyetuongoza, atupitishe kwenye kisima cha zamani cha kijiji chetu, karibu na kaburi. "Tutapita, mama, usijali," aliniambia kwa adabu, na kweli tulipita.

Kaburi nililiona kabla ya kisima. Jiwe la kichwani lingali limesimama, na jina linasomeka: JUMBE SHEHE. Nikainua mikono niombe dua.

"Simama! Simama hapo hapo!" Ernesti akamnong'oneza dereva.

Pembeni mwa jiwe palikuwa na shimo, na shimoni alikuwa anatoka ngiri. Nyuma yake watoto wanne, mikia juu. Nguruwe wa porini, anatoka ubavuni mwa baba yangu, mtu aliyekuwa hashiki hata jembe bila udhu! Gari zima likacheka kwa furaha. Niliukumbatia mkoba kwa hasira mpaka chupa ya marashi ikagongana na funguo.

"Picha ya mwaka hii," Ernesti akasema akitazama kioo cha kamera. "Ila hilo jiwe limeniharibia. Nitalikata."

Nikamgeukia Daniel. "Mwanangu, nishushe. Hilo ni kaburi la baba yangu."

Kicheko kikakatika. Daniel akainamisha kichwa. "Pole sana, mama. Kushuka hapa hairuhusiwi. Yule ana watoto, atakurarua."

"Na yeye kuzaa humo, nani alimruhusu?"

Akanifungulia dirisha nipige picha kutoka garini. Si kijana mbaya, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu nilikosa wa kumtukana. Simu yangu ilitoa picha ya majani na kitu cheusi katikati.

Ernesti alishikwa na haya. "Mama, samahani. Nikusaidieje?"

"Wewe si unajua kukata? Mimi nikatie nguruwe, uniachie jiwe."

Akaihamishia picha kwenye simu yake, akapitisha kidole. Ngiri akafutika. Watoto wakafutika mmoja mmoja, na shimo nalo likaota majani mabichi. Akanitumia. Yake akabaki nayo, ngiri bila jiwe.

Kwenye kivuko cha Pangani nikayamwaga marashi mtoni, nisirudi na chupa imejaa.

Mama aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na jicho lake linaloona.

"Jina lake hili," akasema. "Na majani wameyapunguza vizuri. Marashi ulimnyunyizia?"

"Nilimnyunyizia, mama."

Machozi yakamtoka. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akimlilia baba bila kumlaani mtu.

"Kumbe wamemtunza mume wangu, nami nilikuwa nikiwaapiza bure. Astaghfirullah. Shuhudia, Mwatumu: nimewasamehe wote, duniani na akhera. Sina tena shitaka na mtu."

Nikafumbua mdomo nimwambie. Uso wake ulikuwa umetulia, sijapata kuuona hivyo tangu utoto wangu. Nikaufumba.

"Na wewe wasamehe, mwanangu. Sema nisikie."

Nikasema nimewasamehe. Akaniamini, kama alivyoiamini ile picha.